Neno la Kamanda

Barua ya kamanda aliyepiga kambi mlimani ilikuwa na mstari mmoja tu wa Kilatini. Padri Teofili, aliyemfundisha lugha hiyo alipokuwa seminarini, aliusoma mara tatu.

"Anasemaje, Baba?" aliuliza Bi Mwanaidi, mwenyekiti wa mji. Watu walikuwa wamejaa kanisani hadi mlangoni.

"Anasema leo atatukumbatia."

Vigelegele vikapaa. Mama mmoja alimbeba mwanawe juu juu huku akilia kwa furaha. Padri aliinua mkono.

"Subirini, jamani! Neno hili lina maana mbili. Mama humkumbatia mtoto, na jeshi huuzingira mji. Kwa Kilatini ni neno lilelile."

Yule mama akamshusha mwanawe.

"Sasa yeye amekusudia lipi?" Bi Mwanaidi aliuliza kwa sauti ya chini. "Tumfungulie lango au tukimbie?"

"Sijui, mwanangu. Ila hakuwahi kukosea neno darasani kwangu."

Mtu aliyekuwa dirishani akawaita. Askari walikuwa wameanza kuteremka kutoka mlimani kwa safu mbili, moja kushoto na nyingine kulia, polepole, kama mikono inayofunguka.