Mfupa wa Mtumbwi

Eulogia alikuwa amefungwa macho kwa kitambaa, mkono ndani ya mfuko wa mifupa minane ya kifundo cha mkono, kama kila mtahiniwa wa anatomia pale chuo cha udaktari mjini Cochabamba. Aliipapasa mmoja mmoja akiitaja kwa maumbo yake: wa mwezi, wa pembetatu, wa njegere, hadi wa ndoano. Kisha mfuko ukawa mtupu.

"Saba tu!" Daktari, bingwa wa upasuaji aliyekuwa akimtahini, alicheka. "Mmoja umekushinda. We binti, rudi sokoni La Cancha ukamsaidie mama yako kuuza viazi."

"Wa mtumbwi haumo. Umeuficha."

"Ala! Mimi mwizi? Haya, nionyeshe unakaa wapi."

Eulogia akavua kitambaa. Tangu sherehe za Kanivali, Daktari alikuwa akishika chaki kwa mkono wa kushoto, na hilo halikumpita. Akaudaka ule wa kulia, akadidimiza kidole kwenye kishimo kilicho chini ya dole gumba.

Daktari akaguna kwa maumivu. Kijifupa kikamponyoka kutoka kiganja cha pili, kikadunda sakafuni.

"Unakaa hapa, Daktari," alisema bila kumwachia. "Na huu wako umevunjika. Kesho unampasua nani kwa mkono huu?"