Alama ya Kidole

Jua lilichachamaa wiki nzima, na ile hewa nyembamba ya juu kabisa ikavimba. Kila Mwanakheri alipokokotoa msongamano wake, jibu lilikuwa lilelile: hewa hiyo ingeiburuta setilaiti yao mpaka iungue kabla ya adhuhuri. Kioo cha setilaiti hiyo kilikuwa na alama ya kidole cha marehemu mumewe, aliyekishika bila glavu walipokuwa wakiiunda. Siku ile Mwanakheri alimgombeza.

"Hesabu zako hazikosei, shemeji," mdogo wa marehemu alisema simuni.

"Leo naziombea zikosee."

"Basi wewe ni mtaalamu wa kwanza kuomba aibu."

"Niombee nawe."

Adhuhuri alisimama uani, akaielekeza antena angani kuisaka sauti ya setilaiti. Redio ilikoroma tu. Upepo ukampapasa vidole, naye hakuushusha mkono.