Mtoto wa Kabatini

Asubuhi hiyo mwandishi wa hadithi za kutisha alimaliza rasimu yake, akaichapa yote na kumpa dada yake, aliyekuwa jikoni, awe wa kwanza kuisoma. Kisha akajitupa sebuleni kando ya baba yao, kutazama ile tamthilia ya mazimwi iliyokuwa midomoni mwa kila mtu, ambayo alijinyima mpaka amalize kitabu.

Alitegemea kusikia dada akipiga yowe la woga. Jikoni kukawa kimya kama maji ya mtungini.

Alipokwenda, alimkuta amesimama, karatasi mkononi.

"Huyu mtoto anayefungiwa kabatini, nani alikuhadithia?"

"Hakuna, dada. Nimetunga."

"Na harufu ya dawa ya viatu? Na huyu baba anayepiga mluzi akizungusha ufunguo?"

"Vilikuja vyenyewe tu."

Dada alimnyooshea kidole cha shahada. Ukucha wake uliota upande, mnene kama gamba. Siku zote mwandishi aliambiwa ulibanwa na mlango wa gari.

"Nilikuwa nakwaruza nitoke," dada alisema. "Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Ulikaa nje ya kabati, ukilia na mimi."

Mwandishi aliugusa ule ukucha.

"Mbona mmenyamaza?" baba aliita kutoka sebuleni. "Njooni mnisomee hicho kitabu, na mimi nijivunie mwanangu!"

Dada alimkabidhi karatasi zote.

"Naja, baba," mwandishi alijibu, akaanza kuutafuta ukurasa wa arobaini, ule wa kabati na mluzi.