Upande wa Pili wa Gongo

Kocha Chiku wa timu ya besiboli alifunua daftari tena. "Mrushaji huyu umekutana naye mara kumi na moja, Mbaruku. Mpira hujaugusa hata mara moja."

"Usinitoe, kocha."

Lilibaki pigo la mwisho, na mwenzao alikuwa kituo cha tatu, akisubiri kukimbilia kituo cha nyumbani apate pointi. Mbaruku akainua gongo la kupigia, akahamia upande wa pili wa kituo hicho, akasimama kama mtu wa mashoto. Utotoni, mama yake alikuwa akiufunga kitambaa mkono wake wa kushoto ili asile nao chakula.

Jukwaani mama akainuka. "We Mbaruku! Mkono gani huo?"

Mrushaji akaachia mpira. Mama akajiziba mdomo haraka, kwa mkono wa kushoto.