Tunda la Bibi

"Bibi, andika jina la tunda katikati ya karatasi, uikunje mara mbili," alisema Prasetyo. "Usinionyeshe."

"Kichwani mwangu mna vitendawili tu, baba. Utachoka kuviokota."

Mjukuu wa Bibi akacheka. Tangu Prasetyo, mchumba wake, aje mjini Salatiga, kijana huyo alikuwa akijifunza kusoma mawazo ya watu mezani, na kila mara alipatia. Bibi alikwisha kumng'amua: akichana karatasi, kipande chenye maandishi hubaki kiganjani, naye hukichungulia. Lililomkera Bibi ni jingine, ile alama nyeupe ya pete iliyovuliwa kidoleni mwa Prasetyo.

Akaandika, akakunja, akampa.

Prasetyo akaichana, akadondosha vipande kwenye kisahani cha kahawa, akainamisha uso kama anayewaza. Kidole gumba kikaganda.

"Ni... ni shokishoki," akasema.

"Kapatia, Bibi?" Mjukuu alikuwa ameshainua mikono apige makofi.

Bibi hakuwa ameandika tunda lolote. Aliandika: *Mkeo hajambo?*

"Aliyepatia ni mimi, mjukuu wangu," akasema. "Mwambie afungue kiganja akusomee."