Mwaka wa Tisa wa Samadi

Umewahi kuona mwanamume anavuka mpaka kila mwaka, miaka tisa, kisa samadi ya nguruwe? Mtaalamu wetu huyo alikuja kupima naitrojeni inayopotea kwenye samadi, alinganishe nchi yake na yetu. Binti yangu humshikia ndoo, mimi nachungulia dirishani.

Juzi alitandaza karatasi ya grafu ukutani mwa banda. Mstari mwekundu wao, wa buluu sisi. Miaka yote wetu ulikuwa juu. Safari hii mistari imekutana.

“Basi, kazi imekwisha,” akasema kinyonge. Kalamu akaitia mfukoni bila kifuniko, wino ukamtapakaa kifuani. “Labda nirudi mwakani... kuhakikisha?”

Binti yangu akatua ndoo, akamjibu:

“Kuhakikisha nini tena, bwana wewe? Mwakani acha vipimo. Njoo na wazee wako.”