Shabaha Inayovuja

"Imeshuka tena," Kuramochi alisema, akaandika namba kwenye fomu kabla mtu mwingine hajasogea kuitazama geji.

Ilikuwa Ijumaa, saa sita mchana, na hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Shabaha yenyewe ni kikombe cha metali kisichozidi ngumi ya mtoto. Humo hutiwa maji maalumu, mashine ikayapiga kwa chembe ziendazo kasi hadi yapate mionzi, na kwa mionzi hiyo hutengenezwa dawa ya kuonyesha saratani ilipojificha mwilini. Maji ya baridi hupita nyuma ya kikombe ili kisiyeyuke. Lakini kwanza kikombe hujazwa gesi, vali ikafungwa, na geji ikaangaliwa dakika kumi. Mshale ukishuka, kikombe kinavuja, na siku hiyo dawa haipikwi.

Jumatatu haikupikwa. Jumatano haikupikwa. Mgonjwa mmoja wa hospitali ya jirani, ambaye kiwandani walimjua kwa namba tu, alikuwa amekaa na njaa, kama kipimo kinavyotaka, mara zote mbili bure. Wiki ijayo mashine ingefungwa mwezi mzima kwa matengenezo, na daktari alikwisha kusema kwamba bila picha ya dawa hiyo hapasui mtu.

Bi Isogai, msimamizi, hakuweza kukaa. Alimuuliza Kuramochi kama amebadilisha mpira wa kuzuia uvujaji. Ameubadilisha mara mbili. Na maji ya kupozea, yanapita? Yanapita. Nezu, fundi mwenzao, alitania kwamba shabaha imezeeka kama mzee mwenyewe, wote wawili wanangoja kustaafu Machi. Kuramochi hakucheka. Matonge yake ya wali yalikuwa mezani hayajaguswa. Alikunywa maji matupu, akafuta mikono ambayo ilikwisha kukauka.

"Mzee Kuramochi," Bi Isogai akasema polepole, "leo sijasikia sauti yako."

Katika chumba kile hakuna asomaye kipimo kwa macho peke yake. Unanyoosha mkono, unakielekezea kidole, unataja namba kwa sauti. Kuramochi ndiye aliyewafundisha wote wawili, na kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuruka.

"Koo linaniwasha."

"Basi taja kwa koo hilohilo. Tunarudia."

Walijaza gesi upya. Dakika kumi nzima Bi Isogai alisimamia mguu huu, akahamia ule. Kisha Kuramochi akanyoosha mkono. Mdomo ulifunguka, ukafumba, ukafunguka tena.

"Ishirini," alisema. "Haijashuka."

Nezu alitazama pembeni kwa aibu. Bi Isogai hakumkemea mzee. Alidhani macho yake yamekwisha, akajilaumu kwa kutotambua mapema. Aliamuru mashine iwashwe, akapiga simu hospitalini kusema dawa itafika saa tisa, mgonjwa atayarishwe.

Muuguzi alishukuru sana.

"Basi mruhusuni mgonjwa mwenyewe, Bwana Kuramochi, aje abadili nguo," alisema. "Mkewe yuko hapa tangu asubuhi. Anasema leo tena hapokei simu yake."